Maikrowevu: Uchawi au Utaalamu?

Leo sikuwaletea hadithi ya sungura na fisi, wala shairi la kumsifu msichana asiyejibu barua. Nimeleta hoja. Najua wapo watakaoliona neno kemia hapa chini na kuufunga ukurasa huu upesi kama mtu aliyefunua chungu kisicho chake. Nawasihi msiufunge. Hoja yangu inahusu jikoni, inahusu maji ya mtungi na inahusu stima zinazopotea usiku. Nani kati yetu hayajui hayo?

Wacha nianzie nyumbani. Mama yangu hufanya kazi ya nyumba huko Lavington. Sisi twakaa Kangemi. Kutoka kwetu hadi huko ni mwendo wa miguu tu, lakini kimaisha ni mbali mno. Siku moja ya likizo, nikiwa darasa la sita, alinichukua nikamsaidie kukunja nguo. Adhuhuri alitoa ugali wa jana, akautia kwenye sahani, akaufungia ndani ya kasha jeupe lenye mlango wa kioo cheusi, akabonyeza kidude. Kasha likanguruma kama paka aliyeshiba. Nami, kwa udadisi wangu, nikasogea nichungulie. Mama akanivuta sikio.

"Toka hapo! Hiyo kitu ina miale. Itakupika matumbo ukiwa umesimama!"

Dakika mbili baadaye kengele ikalia. Ugali ulikuwa ukifuka mvuke, lakini nilipougusa ukingo wa sahani, kumbe haukuwa na moto wowote! Jambo hilo lilinikaa kichwani. Kwetu, ukipasha ugali kwenye jiko la makaa, sufuria ndiyo huungua kwanza, ugali ukafuata baadaye. Hapa chombo kilikuwa baridi na chakula kilikuwa moto. Kivipi?

Nilipouliza majirani zetu kwenye ploti, niligundua kuwa watu wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza husema maikrowevu ni uchawi mbaya: huleta saratani, huua nguvu za chakula, humwaga sumu hewani. Kambi ya pili husema ni uchawi mzuri: ni mtambo wa ajabu uwezao kufanya lolote ukibonyeza tu. Msimamo wangu mimi ni kwamba kambi zote mbili zimekosea. Maikrowevu si uchawi, ni moto unaopita njia nyingine. Na kwa kuwa ni moto wa kubana matumizi, wanakemia wa nchi hii, wenye mifereji mikavu na stima za kubahatisha, wanauhitaji kuliko hata wenzao wa Ulaya. Naomba mnivumilie nithibitishe.

Mjomba wangu ni fundi wa vifaa vya stima katika barabara ya Luthuli, pale katikati ya jiji. Nilipofika Kidato cha Pili nilikuwa nikienda kumsaidia Jumamosi, kumshikia taa na kumnunulia chai. Siku moja alifungua maikrowevu iliyoharibika. Kabla ya kugusa chochote, alichukua bisibisi yenye mpini wa plastiki, akaigusisha mahali fulani ndani, ikalia tap! Nikaruka.

"Unaona hiyo? Inaitwa kapasita," akasema. "Hata ukichomoa plagi, bado imebeba volti elfu na zaidi. Ukiingiza mkono kama mjinga, tutakuzika."

Kisha akanionyesha kidude cha chuma chenye mapezi kama ya rejeta ya gari. "Na hii ni magnetroni. Hii ndiyo inatoa mawimbi. Hayo mengine yote ni sanduku tu."

Nilipofuatilia vitabuni, nilikuta kwamba magnetroni haikuundwa kwa ajili ya kupasha ugali wa mtu. Mwaka 1940, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha Birmingham huko Uingereza, John Randall na Harry Boot, waliunda magnetroni yenye nguvu kubwa ili itumike katika rada za kuwinda ndege na nyambizi za adui. Mwaka 1945 huko Marekani, mhandisi wa kampuni ya Raytheon aitwaye Percy Spencer aligundua kwamba peremende ya chokoleti ilikuwa imeyeyuka mfukoni mwake alipokuwa karibu na mtambo huo. Mtu mwingine angelaani suruali iliyochafuka. Yeye alitafuta mahindi ya bisi, akayaweka mbele ya mtambo, yakapasuka. Mwaka 1947 kampuni yake ikatoa tanuri la kwanza la kuuzwa, refu kama mtu mzima na lenye uzito wa zaidi ya kilo 300. Na jambo linalonifurahisha zaidi ni hili: huyu Spencer hakumaliza hata shule ya msingi. Aliacha masomo akiwa mdogo akaenda kufanya kazi kiwandani. Enyi mnaojiona hamna bahati, someni hapo.

Sasa, mbona sahani ilikuwa baridi na ugali ulikuwa moto? Maikrowevu ni mawimbi ya sumaku na umeme, ndugu wa mawimbi ya redio na ya mwanga. Yale ya jikoni hutetema mara bilioni 2.45 kwa kila sekunde. Molekuli ya maji nayo ina upande mmoja wenye chaji hasi kidogo na upande wa pili wenye chaji chanya kidogo. Mawimbi yakipita, molekuli hiyo hujaribu kugeuka iyafuate. Kabla haijamaliza kugeuka, mawimbi yamekwisha kubadili mwelekeo. Ni kama abiria kwenye steji jioni: makanga huyu anaita "Kangemi!", wote wanageuka, yule anaita "Kangemi hapa, Kangemi!", wanageuka tena. Wanasukumana, wanakanyagana, wanatoa jasho. Hiyo sukumasukuma ya molekuli ndiyo joto. Ugali una maji ndani yake, kwa hiyo hupata moto. Sahani haina cha kugeuzwa, kwa hiyo hubaki baridi hadi ugali uipashe. Chuma nacho huyarudisha mawimbi yalikotoka, ndiyo sababu kile kioo cha mlango kina wavu wa chuma wenye vitundu vidogo: sisi tunaona ndani, lakini mawimbi, yenye urefu wa sentimita 12 hivi, hayawezi kupenya.

Na hiyo saratani je? Eksirei na miale mingine mikali inaweza kuvunja vifungo vya molekuli mwilini. Lakini punje moja ya nishati ya maikrowevu ni ndogo zaidi ya mara 300,000 kuliko nishati inayotakiwa kukata kifungo kimoja cha kaboni na kaboni. Haivunji, inasukuma tu. Hatari yake ni ile ile ya moto: inaweza kukuunguza. Kwa hiyo usitumie yenye mlango uliovunjika, na mambo ya matumbo kupikwa ukiwa nje ya mlango mzima, hayo tuwaachie mama zetu wanapotaka tusiguse vitu vya wenyewe.

Basi sasa tuingie kwenye kemia. Mnaosoma Kidato cha Tatu na cha Nne mnaijua kemia ogania, ile kemia ya viunga vya kaboni inayotunyima usingizi. Dawa za malaria, rangi za nguo, sabuni, manukato, plastiki, zote zimo humo. Tatizo la kemia hii ni kwamba viunga vyake ni vizito wa kuoana. Asidi ukiimwagia besi, mambo huisha papo hapo. Lakini viunga vya kaboni hutaka kubembelezwa kwa joto, saa mbili, saa nane, wakati mwingine siku nzima.

Mwaka 1986 makundi mawili ya watafiti yalichapisha taarifa katika jarida la Tetrahedron Letters. La kwanza lilikuwa la Richard Gedye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Laurentian nchini Kanada. La pili lilikuwa la Raymond Giguere, George Majetich na wenzao wa Marekani. Walikuwa wamechukua maikrowevu za kawaida za jikoni, kama ile ya Lavington, wakaweka ndani kemikali zao katika vyombo vilivyofungwa. Mfano mmoja wa akina Gedye ni huu: kugeuza benzamidi kuwa asidi ya benzoiki, ambayo chumvi yake hutiwa katika soda na sosi zisiharibike. Kwa kuchemsha njia ya kawaida walihitaji saa 1 na wakapata asilimia 90. Katika maikrowevu walihitaji dakika 10 na wakapata asilimia 99. Tangu hapo maelfu ya taarifa yameandikwa, na leo maabara nyingi za kutafuta dawa duniani zina mtambo wa maikrowevu uliotengenezwa maalumu kwa kemia.

Mtaniuliza, hayo yananihusu nini mimi mwana wa Kangemi? Yananihusu sana. Dada yangu mkubwa anasomea shahada ya pili ya kemia katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja. Kazi yake ni kuchukua kampaundi iliyotolewa katika gome la mti wa dawa, kuibadilisha kidogo, kisha kuona kama imekuwa kali zaidi kwa vijidudu. Kuna hatua moja inayomtaka achemshe mchanganyiko wake kwa saa 8. Ili kiyeyushi kisiishe chote kwa mvuke, juu ya chupa huwekwa bomba la kioo liitwalo kondensa, na maji ya mfereji hupita kuzunguka bomba hilo, yakipoza mvuke urudi chini. Maji hayo huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, moja kwa moja hadi kwenye sinki.

Siku aliponieleza hivyo, nilichukua kalamu. Tuseme mfereji umefunguliwa kidogo tu, lita 1 kwa dakika. Saa 8 ni dakika 480. Hizo ni lita 480. Mtungi wetu wa nyumbani ni wa lita 20. Kwa hiyo, kila anapofanya jaribio moja, dada yangu humwaga mitungi 24 ya maji safi! Mama alikuwa akisikiliza huku anapanga mitungi yetu minne mlangoni, maana wiki hiyo mfereji wa ploti ulikuwa haujatoa hata tone. Hakusema kitu. Alimtazama dada yangu tu, na dada yangu akainamisha kichwa.

Ningependa kuwaambia kwamba maji hayo yote angalau yalizaa matunda. La! Usiku mmoja, saa ya sita ya jaribio, stima zilipotea. Mchanganyiko ukapoa, akaupoteza, na ile kampaundi ya gome ilikuwa ndiyo kidogo aliyobaki nayo. Ilimbidi arudie kazi ya miezi. Dada yangu si mtu wa kulia, lakini siku hiyo alilia. Muhula mmoja zaidi chuoni si maneno matupu. Ni karo nyingine, na karo hiyo inatoka Lavington, kwenye mikono ya mama inayokunja nguo za watu.

Hapo ndipo nilipoacha kuiona maikrowevu kama kitu cha anasa. Hebu tufikiri pamoja.

Wanakemia wana kanuni ya kukisia: ukiongeza joto kwa nyuzi 10 za selsiasi, mwendo wa mmenyuko hukaribia kuongezeka mara mbili. Sasa spiriti, yaani ethanoli, huchemka kwenye nyuzi 78 pale Mombasa, usawa wa bahari. Ukiichemsha katika chupa iliyo wazi huwezi kuvuka hapo, hata ukileta moto wa jehanamu. Na sisi wa Nairobi tumepunjwa zaidi. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo vimiminika vyetu huchemka mapema: maji kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Ndiyo maana mama akitaka maharagwe yaive upesi hutumia sufuria ya presha. Akifunga mvuke, maji hayachemki mapema, joto hupanda, maharagwe hulegea.

Maikrowevu ya kemia ni sufuria ya presha iliyosoma chuo kikuu. Chupa ndogo ya kioo kinene hufungwa kabisa, mawimbi huingia moja kwa moja hadi kwenye kimiminika bila kungoja kuta zipate moto, na katika dakika moja au mbili ethanoli hufika nyuzi 150. Kutoka 80 hadi 150 ni hatua saba za nyuzi 10. Mbili mara mbili, mara saba, ni 128. Saa 8 za dada yangu zigawanye kwa 128: hazifiki hata dakika 4! Si kila mmenyuko utatii hesabu hii, lakini hata tukimpa dakika 10, stima zikipotea atakuwa amepoteza dakika 10, si usiku mzima na gome la miezi.

Na maji? Chupa imefungwa, mvuke hauna pa kwenda, kwa hiyo hahitaji kondensa. Ile mitungi 24 inabaki mferejini. Na stima je? Tuseme jiko lake la wati 500 huwaka nusu ya muda katika zile saa 8. Hizo ni yuniti 2. Mtambo wa maikrowevu unaovuta wati 1,200 kwa dakika 10 hutumia yuniti 0.2, sehemu moja kwa kumi. Nakiri kwamba si kila kazi itaokoa hivyo, kwa sababu magnetroni yenyewe hupoteza sehemu kubwa ya umeme inaoula. Faida yake iko katika muda mfupi. Ukiiwasha saa nzima, faida inayeyuka kama ile chokoleti ya Spencer.

Faida kubwa kuliko zote ni nyingine, nayo ndiyo ninayoitilia mkazo. Utafiti ni kushindwa mara nyingi hadi ufaulu mara moja. Mtu anayengoja saa 8 kwa jaribio moja hushindwa mara moja kwa siku. Mtu mwenye dakika 10 anaweza kushindwa mara 20 kabla ya chai ya jioni, na kesho akafaulu. Nchi yetu huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya dawa zake. Sisi tunaougua malaria ndio tungetaka majibu upesi. Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Chiromo karibu na Westlands, imejulikana kwa miaka mingi kwa kuchunguza kampaundi za mimea yetu ya dawa. Huko Cape Town, Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, alianzisha kituo cha H3D mwaka 2010 ili Waafrika watafute dawa zao wenyewe. Vichwa tunavyo. Kinachotukosesha mbio ni muda.

Sasa nimgeukie yule wa kambi ya pili, anayedhani mtambo huu una miujiza. Kwa miaka mingi hata wanasayansi wenyewe walibishana. Wengine walisema mawimbi yana nguvu ya siri inayoharakisha mmenyuko hata bila joto. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Graz huko Austria, pamoja na Profesa Oliver Kappe, walitoa matokeo ya jaribio la werevu sana. Walitumia chupa za silikoni kabaidi, ambazo huyameza mawimbi na kupata moto zenyewe, hivi kwamba kilichomo ndani hupata joto lakini mawimbi hayakifikii. Kisha wakalinganisha na chupa za kioo kwa joto lile lile. Matokeo yakawa karibu sawasawa. Maana yake ni nini? Kilichofanya kazi ni joto, si siri. Nami nalipenda sana jambo hilo. Kitu kisicho na siri ndicho kinachoweza kufundishwa.

Hapa nina ungamo. Niliposoma habari za mwaka 1986, nilijiona Gedye wa Kangemi. Nilimwendea mjomba na chupa ya spiriti mkobani, nikamwomba aniazime maikrowevu moja kuukuu nitengeneze esta. Mjomba alinitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye kikapu cha mboga.

"Unataka kunichomea duka? Spiriti na cheche, ndani ya sanduku limefungwa? Enda zako, na hiyo chupa uache hapa!"

Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa mjinga. Maikrowevu ya jikoni haina kipimo cha joto la kimiminika, haina kipimo cha presha, na swichi zake zinaweza kutoa cheche. Mvuke wa spiriti ukikutana na cheche, huo ni moto. Ukifunga chupa, ethanoli kwenye nyuzi 150 husukuma kwa presha karibu mara 10 ya hewa ya kawaida. Chupa ya soda haikuumbwa kwa kazi hiyo. Hata historia ya mwanzo ya kazi hii ina visa vya vyombo kupasuka, ndiyo sababu mitambo maalumu ina kuta imara, vipimo na njia ya kuzima yenyewe. Ndugu zangu wa Kidato cha Tatu mlionijia bwenini na mpango wenu wa maikrowevu ya ofisi ya walimu, jibu langu ni lile la mjomba. Na mtambo ukishatiwa kemikali, chakula kisiingie humo kamwe.

Wapo watakaosema, "Wewe kijana, mtambo huo ni ghali." Kweli. Mtambo maalumu unaweza kufikia makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Lakini kijijini kwetu hakuna mtu mwenye kinu chake cha posho. Kipo kimoja, na kila mtu hupeleka debe lake, analipa, anangoja zamu. Kwa nini vyuo vikuu vya Nairobi visifanye chama, kama akina mama wa Kangemi, vikanunua mtambo mmoja, ukae mahali pamoja, watafiti wakaandikisha zamu? Kazi ya dakika 10 haihitaji mtu kuwa na mtambo wake peke yake. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilianzisha Hazina ya Taifa ya Utafiti na kutaja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa fungu lake. Hatujalifikia fungu hilo. Tukilifikia, mtambo mmoja ni tone baharini.

Wengine watasema mtambo huu hauwezi kutengeneza dawa kwa mapipa. Kweli tena. Mawimbi hupenya sentimita chache tu katika kimiminika, kwa hiyo pipa lingeiva nje likabaki bichi ndani. Lakini mimi sisemi juu ya kiwanda, nasema juu ya utafiti. Mpishi huonja kwa kijiko kabla ya kupakua sufuria.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Kwa walimu wetu wa sayansi: tufundisheni habari hii hata kama haimo katika mtihani. Maikrowevu isiyotumika kwa chakula na bilauri mbili, moja ya maji na moja kavu, zatosha kutuonyesha nini hupata moto na nini hubaki baridi. Kwa wanafunzi wenzangu: acheni kukariri esta kama sala. Ulizeni mbona inachukua muda, na muda huo unagharimu maji na stima za nani. Kwa wakubwa wenye mamlaka: msione maikrowevu mkafikiri ni anasa ya wenye nyumba za Lavington. Anasa ni kumwaga mitungi 24 kwenye sinki katika jiji lenye kiu.

Juzi nilimweleza mama haya yote, pamoja na ile habari ya matumbo. Alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akanyamaza, akauliza, "Sasa hiyo mashini ya dakika kumi, dadako ataipata lini?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeandika. Kalamu naiweka chini, walio na jibu na waichukue.

Wenu mtiifu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Nne